Chaja ya Kikundi: Tuijue, Tuitunze, Isituumize



Wapendwa wanakikundi, somo letu la leo ni juu ya chombo ambacho vikundi vingi vimekinunua, na vingine vinachanga pesa ili vikinunue. Ni chaja kubwa ya betri. Hatusemi ile ndogo ya simu. Tunasema ile ya chuma, nzito, yenye feni na waya nene, inayoweza kuchaji betri za magari na za sola, kadhaa kwa wakati mmoja.

Stima imefika sehemu nyingi, lakini betri hazijaisha kazi. Kuna nyumba zenye sola. Kuna kinyozi asiye na stima. Kuna matatu ambayo haiwaki asubuhi, na kuna jumuiya inayohitaji spika siku ya misa ya nje. Wote hawa wanatafuta mahali pa kuchaji, na kikundi chenye chaja nzuri hupata kitu kidogo kila siku. Lakini chombo hiki hiki kinaweza kumaliza akiba ya kikundi, na kinaweza kumtoa mtu jicho. Tumeyaona yote mawili karibu yatokee katika kikundi kimoja. Kama kawaida yetu, tutafuata hatua tatu: tuone, tuamue, tutende. Someni kwa zamu mkiwa pamoja, na anayesoma asikimbie.

1. TUONE

Kikundi kimoja cha vijana na akina mama upande wa Kawangware, Nairobi, kilinunua chaja ya mtumba katikati ya mji, huko Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Zamani chaja hiyo ilikuwa ya kuchajia foklifti, yale magari madogo ya kuinua mizigo katika maghala. Ilikuwa chombo imara. Waliiweka katika kibanda cha mabati karibu na stendi, na kwa miezi minne kazi ilikwenda vizuri. Watu walileta betri kutoka Kangemi na Uthiru, na wengine walizibeba kwa matatu kutoka kwao mashambani.

Halafu chaja ikaanza kuchoka. Betri inakaa siku nzima na jioni haijajaa. Wateja wakalalamika. Kikundi kikamwita fundi, akasema transfoma imeungua. Wakalipa. Baada ya wiki mbili, mambo ni yale yale. Wakamwita fundi wa pili, akasema shida ni rektifaya, kile kifaa kinachogeuza stima ya ukuta iwe ya kuingia kwenye betri. Wakalipa tena. Pesa za miezi mitatu zikawa zimekwenda, na chaja bado.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Ati mweka hazina amekula pamoja na fundi. Hakuna aliyesema mkutanoni, lakini njiani watu walinong'ona. Mama huyo akaacha kuja mikutanoni, na akina mama wengine wawili wakamfuata. Kijana aliyekuwa akiitunza chaja naye akaona kama analaumiwa bure. Siku moja, kwa hasira na haraka, alichomoa klipu kutoka kwenye betri chaja ikiwa bado inawaka. Ikatoka cheche. Betri ikapasuka kama bunduki, na asidi ikamrukia usoni.

Mungu ni mwema. Mama mboga wa hapo karibu alikuwa na ndoo ya maji. Hakuuliza swali. Alimshika kijana kichwa na kumwagia maji machoni, akaitisha mengine, akaendelea mpaka gari likapatikana. Hospitalini waliambiwa kwamba ni yale maji ya kwanza yaliyookoa jicho.

Sisi tuliitwa siku ya tatu. Tulikwenda na fundi wa stima mwenye leseni. Fundi yule hakushika bisibisi kwa nusu saa nzima. Aliuliza maswali tu. Shida ilianza lini? Ni betri zote au ni zingine? Ni asubuhi au jioni? Nani huwasha, nani huzima? Kisha akachomoa plagi ukutani, akashika klipu nyekundu na kufungua mpira wake. Kumbe waya wa ndani ulikuwa umeliwa na asidi, umebaki nyuzi chache tu. Waya nene kama kidole, lakini stima yote inapita katika nyuzi nne! Alikata kipande kilichooza na kufunga klipu mpya. Bei yake haikufika bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Transfoma haikuwa imeungua. Rektifaya haikuwa imekufa. Na mweka hazina hakuwa mwizi.

2. TUAMUE

Tujiulize, kwa nini? Kwa nini kijana aliumia? Kwa sababu alichomoa klipu chaja ikiwaka. Kwa nini alichomoa? Kwa sababu hakuna aliyemfundisha, na alikuwa na hasira. Kwa nini hasira? Kwa sababu ya lawama. Kwa nini lawama? Kwa sababu pesa zilitumika mara mbili na chaja haikupona. Kwa nini haikupona? Kwa sababu tulianza kutafuta shida ndani ya chaja, mahali pa gharama, kabla ya kuangalia nje, mahali pasipo na gharama.

Hilo ndilo neno la somo hili lote: anza na kilicho nje na cha bei ndogo, ukiwa umezima stima, na ujue mahali ambapo mkono wako unaishia na wa fundi unaanzia.

Lakini ili tufanye hivyo ni lazima tuelewe kidogo chombo chenyewe.

Betri ya kawaida ya gari ina vyumba sita, na tunaviita seli. Kila seli hutoa karibu volti 2, ndiyo maana tunasema betri ya volti 12. Ndani kuna sahani za madini ya risasi, na asidi kali ya salfa iliyochanganywa na maji. Chaja inaposukuma stima ndani, betri hujaa. Inapokaribia kujaa, stima inayozidi huanza kuyapasua yale maji na kuyageuza kuwa hewa mbili, haidrojeni na oksijeni. Ndizo zile povu mnazoona zikichemka. Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ikifika sehemu 4 tu katika kila 100 za hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuilipua. Sigara, jiko la makaa, swichi, hata klipu inayochomolewa, yoyote kati ya hizo ni kiberiti.

Chaja nayo kazi yake ni mbili. Inashusha stima ya ukuta, ambayo hapa Kenya ni volti 240, mpaka kipimo cha betri. Halafu inaigeuza ili ielekee upande mmoja tu. Ikiwa yoyote kati ya njia hizi imebanwa, kuanzia ukutani mpaka kwenye kichwa cha betri, betri haitajaa. Ni kama mfereji wa shamba. Maji yasipofika kwenye miche, usikimbilie kuchimba mto. Tembea kwanza kando ya mfereji uone palipoziba.

Na kuna jambo la tatu la kuamua, nalo ni la roho. Chombo cha wote kisipokuwa na mtu wa kukijibia huharibika kimyakimya, na kikiharibika tunatafuta wa kumlaumu. Kule Kangemi, jirani na Kawangware, kuna parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambako Hayati Papa Fransisko alifika tarehe 27 Novemba 2015 kuwatembelea watu wa mitaa ya hali ya chini. Jina la parokia hiyo ni somo tosha kwetu. Yosefu alikuwa fundi, na fundi hujulikana kwa jinsi anavyotunza vyombo vyake jioni baada ya kazi.

3. TUTENDE

A. Kabla ya kununua

Chaja za mtumba zilizotoka viwandani ni nzuri, lakini si kila moja inafaa kijijini. Kila chaja ina kibao kidogo cha chuma chenye maandishi. Kisome kabla ya kutoa pesa. Kama kibao hakipo au kimefutwa, acha.

Angalia stima inayoingia. Ikiwa imeandikwa volti 240, inaweza kutumia stima ya kawaida ya nyumbani. Ikiwa imeandikwa volti 415, hiyo ni ya njia tatu, ile ya posho mili na viwanda. Kama hamna stima ya namna hiyo, msiinunue kwa kuwa ni rahisi. Ikiwa ni volti 110 au 120, imetoka nchi nyingine na hapa itaungua.

Halafu angalia stima inayotoka. Chaja nyingi za foklifti hutoa volti 24 au 48. Chaja ya volti 24 haifungwi kwenye betri moja ya volti 12, hata kwa dakika moja. Ni lazima betri mbili zifungwe kwa kufuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine. Ya volti 48 inataka nne.

Na hapa kuna mtego ambao kikundi chetu kiliuingia bila kujua. Betri zinazofungwa pamoja namna hiyo ni lazima ziwe na ukubwa sawa na hali sawa. Wao walifunga yoyote na yoyote. Sasa, ikiwa moja ina seli iliyokufa, haiwezi kubeba sehemu yake ya volti, basi ile nzima hubebeshwa mzigo wa mbili. Inachemka, inapata moto, inatoa hewa nyingi. Ile betri iliyopasuka ilikuwa nzima kabisa. Iliharibiwa na mwenzake mgonjwa. Kama mna betri za kila aina kutoka kwa wateja, chaja ya volti 12 yenye njia kadhaa, kila betri na njia yake, ni salama zaidi.

Mwisho, betri za lithiamu, kama zile za pikipiki za stima zinazoonekana siku hizi Nairobi, zina chaja zake zenyewe. Msizifunge kwenye chaja ya betri za asidi. Zinaweza kushika moto usiozimika kwa urahisi.

B. Chumba cha kuchajia

Chumba kiwe na madirisha mawili yanayotazamana, au nafasi wazi juu karibu na paa, kwa sababu haidrojeni ni nyepesi na hupanda. Kibanda cha mabati kilichozibwa kila pembe kwa kuogopa wezi ni hatari. Weka wavu wa chuma badala ya kuziba.

Betri zikae juu ya ubao, na chaja ikae kando yake, isiwe juu ya betri, maana mvuke wa asidi utaila. Kusiwe na jiko, sigara wala mshumaa. Mtungi wa lita 20 wa maji safi uwe hapo kila siku, na maji hayo yasichotwe kwa kazi nyingine. Miwani ya kukinga macho na glavu za mpira viwe vinaning'inia mlangoni. Watoto wasiingie. Aliyevaa saa ya chuma, pete au bangili aivue kabla ya kugusa vichwa vya betri.

C. Kuwasha na kuzima

Kuwasha: kwanza hakikisha swichi ya ukutani imezimwa. Funga klipu nyekundu kwa chanya, halafu nyeusi kwa hasi. Tikisa kidogo uone zimeshika. Ndipo uwashe.

Kuzima: zima ukutani kwanza. Subiri dakika chache hewa itoke. Ndipo uondoe klipu nyeusi, halafu nyekundu.

Mfundishane kwa sentensi moja: klipu haigusiwi stima ikiwa inawaka. Iandikeni kwa rangi ukutani.

Kuhusu kasi ya kuchaji, kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Betri iliyoandikwa 100 Ah ipewe ampea 10. Ile ya 50 ipewe 5. Kwa mwendo huo betri iliyobaki nusu huchukua saa sita au saba hivi. Anayekwambia atajaza kwa saa moja anaipika, haichaji. Ikifika karibu volti 14.4 na kuchemka sawasawa katika seli zote, imekaribia. Ukiweka mkono ubavuni mwa betri ukashindwa kuuacha hapo kwa sababu ya moto, zima.

D. Chaja ikikataa: hatua tano

Fuateni mpangilio huu. Msiruke hatua. Na muwe watu wawili.

Hatua ya kwanza: stima yenyewe. Je, tokeni zimeisha? Chomeka taa unayojua ni nzima katika tundu lile lile. Ikiwa inawaka hafifu, stima ni dhaifu, na chaja itakuwa dhaifu pia. Mitaa mingi stima hupungua jioni wakati kila nyumba inapika na kuwasha taa. Kama shida huja jioni tu, chaja haina kosa. Chajini mchana. Kama stima yenu imeunganishwa kwa njia ya pembeni, kwa waya mwembamba kutoka kwa jirani, hapo msiwashe chaja kubwa kabisa. Waya huo utaungua, na mitaa yetu inajua moto ni nini.

Hatua ya pili: plagi, waya wa kuingilia na fyuzi. Chomoa ukutani kwanza. Angalia kama plagi ina alama nyeusi ya kuungua, kama waya umekatwa au umeliwa na panya. Fyuzi ikikatika, weka ya namba ile ile. Usiweke msumari, wala waya, wala karatasi ya sigara. Fyuzi ni mlinzi, na aliyeweka msumari amemfukuza mlinzi huku mlango uko wazi. Ikikatika mara ya pili, usiweke ya tatu. Kuna shoti mahali, na hiyo ni kazi ya fundi. Na ule waya wa kijani na manjano, wa kwenda ardhini, usikatwe hata siku moja. Ndio unaozuia chuma cha chaja kukupiga.

Hatua ya tatu: klipu na waya za kutokea. Hapa ndipo shida ya Kawangware ilipokuwa. Bado umezima. Angalia unga mweupe au wa kijani. Fungua mpira, uone waya wa ndani. Osha klipu kwa maji ya moto yaliyotiwa baking soda, ile ya kuokea. Itachemka kidogo, maana inaua asidi. Suuza, kausha, piga kwa brashi ya chuma, kisha paka grisi kidogo. Halafu chaji kwa nusu saa, zima ukutani, na upapase waya kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mahali penye moto kuliko pengine ndipo palipolegea au palipooza.

Hatua ya nne: betri yenyewe. Mara nyingi chaja ni nzima, betri ndiyo maiti. Jaribu betri nyingine unayojua ni nzuri. Ikiwa inachajiwa vizuri, umepata jibu. Pima kwa mita betri iliyopumzika saa kadhaa: volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Chini ya 12 imekwisha. Ikibaki karibu 10.5 hata baada ya kuchajiwa, huenda seli moja imekufa. Kama mna haidromita, ile bomba ya kioo ya kupimia asidi, pimeni seli zote sita baada ya kuchaji. Betri iliyojaa husoma karibu 1.265. Seli moja ikiachana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, betri hiyo inakufa. Mwambieni mwenyewe ukweli, msiendelee kula pesa zake. Jueni pia kwamba chaja nyingine za kisasa hukataa kuanza zikiona betri imeshuka sana au imefungwa kinyume. Hapo chaja imefanya kazi yake.

Hatua ya tano: chaja kwa nje. Je, feni inazunguka? Je, matundu ya hewa yamezibwa na vumbi au vitambaa? Chaja nyingi hujizima zikipata moto kupita kiasi. Chomoa, acha ipoe saa moja, pangusa matundu kwa brashi kavu, jaribu tena.

E. Mkono wetu unapoishia

Baada ya hatua hizo tano, simameni. Msifungue kifuniko cha chaja. Ndani kuna vifaa vinavyohifadhi stima hata baada ya plagi kuchomolewa, na vinaweza kumpiga mtu. Iteni fundi mara moja pia mkiona moshi, mkisikia harufu ya kuungua au mlio usio wa kawaida, fyuzi ikikatika mara mbili, au mtu akisikia ganzi anapogusa chuma cha chaja.

Mwiteni fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati, na mwombeni awaonyeshe. Msione haya kuuliza. Mkabidhini daftari la chaja asome yaliyotokea. Akisema kifaa fulani kimeungua, mwambieni kwa heshima: tafadhali tupimie tuone, na kile cha zamani utuachie. Fundi mwaminifu hatakasirika.

F. Kutunza

Kila siku: pangusa, tazama klipu, hakikisha mtungi wa maji umejaa, andika daftari.

Kila wiki: osha klipu kwa baking soda. Angalia maji katika betri ambazo ni za kikundi. Maji yafunike sahani kwa karibu sentimita 1. Ongeza baada ya kuchaji, si kabla, kwa sababu maji hupanda betri inapojaa. Lakini kama sahani ziko wazi, zifunike tu kwanza ndipo uchaji. Tumia maji safi ya chupa yasiyo na chumvi, yale ya betri yanayouzwa petroli stesheni. Msitie ya kisima wala ya mfereji. Tena muwe macho, kwa sababu wauzaji wengine huita asidi pia "maji ya betri". Soma chupa. Betri ya zamani haiongezwi asidi.

Kila mwezi: chomoa chaja, pangusa matundu ya hewa, kaza sehemu zilizolegea kwa nje, papasa waya.

Kila mwaka: fundi aifungue, aisafishe ndani na kuipima.

Chagueni watu wawili wa kuijibia chaja, si mmoja. Daftari liwe na tarehe, betri ya nani, saa ya kuanza na kumaliza, na jambo lolote la ajabu lililoonekana. Na kutoka kila shilingi inayoingia, sehemu kidogo iwekwe kando kwa matengenezo tu, na isomwe wazi kila mkutano. Kikundi kinachosoma hesabu yake wazi hakina haja ya kunong'ona.

G. Ajali na betri zilizokufa

Asidi ikiingia machoni: maji mengi safi, bila kuacha, angalau dakika 20, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha hospitali. Usipake mafuta, maziwa wala dawa. Ikimwagikia nguo, vua nguo na uoshe ngozi kwa maji mengi.

Moto ukitokea: zima stima kwa swichi kuu kwanza. Usimwage maji juu ya stima. Tumia mchanga mkavu au kizima moto cha unga, na kama umekuzidi, toka nje.

Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula. Madini ya risasi huingia mwilini polepole na kuharibu akili ya mtoto kuliko ya mtu mzima. Msivunje betri kuukuu ili kuuza madini yake, wala msimwage asidi kwenye mtaro au mtoni. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa mwaka 2007 katikati ya makao ya watu, na watoto wakaugua. Bi. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alipatikana na risasi katika damu, aliongoza wanakijiji kudai haki, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu iliirudisha fidia hiyo mwaka 2024. Mwaona ilivyochukua muda mrefu. Ni rahisi zaidi kuzuia. Betri iliyokufa irudishwe nzima kwa muuzaji wa betri anayezipokea. Mara nyingi atawapunguzia bei ya mpya.

Na kile kikundi cha Kawangware? Baada ya klipu kufungwa, mwenyekiti aliitisha mkutano. Fundi akawaonyesha wote ule waya ulioliwa, ukapita mkono kwa mkono. Ulipomfikia mweka hazina, ambaye alikuwa amekubali kuja siku hiyo, aliutazama kimya. Kisha mzee mmoja akasimama akasema, "Mama, tulikukosea." Wengine wakasimama pia. Kijana alirudi kazini baada ya wiki chache, na sasa yeye ndiye anayefundisha wengine kuwasha na kuzima. Kile kipande cha waya kimetundikwa ukutani kwa msumari, karibu na miwani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayejibia kila chombo? Je, anajua kukitunza, au tulimkabidhi tu?

2. Je, kuna mtu tuliyemlaumu kabla ya kutafuta ukweli? Tufanye nini?

3. Tembeleeni chumba chenu cha kuchajia pamoja. Ni mambo gani matatu mnayoweza kurekebisha kabla ya mkutano ujao bila kutumia pesa?

4. Kila mmoja aonyeshe mbele ya wengine mpangilio wa kufunga na kuondoa klipu, chaja ikiwa imechomolewa ukutani. Nani alikosea wapi?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.